Geti Limegoma: Usianze na Bodi

Saa mbili usiku, mvua ya masika, umeme umekatika tangu asubuhi. Geti la kuteleza la nyumba moja huko Goba linafunguka robo tatu, linasimama. Taa ndogo kwenye kasha la mota inapepesa. Gari limebaki nje, taa zake zikimulika ukuta. Mlinzi anasukuma kwa bega, geti halisogei hata inchi, maana gia imelishika. Ufunguo wa kuachia mota upo, ila uko ndani kwenye droo, na droo imefungwa.

Asubuhi fundi anafika, anafungua kasha, anachungulia dakika mbili.

"Bodi imekufa, bosi."

Bodi, yaani sakiti inayoiamuru mota, inanunuliwa, inafungwa, geti linatembea, watu wanapeana mikono. Baada ya wiki chache umeme unakatika tena siku nzima, na usiku geti linasimama palepale.

Hili la mara ya pili ndilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Ingekuwa rahisi kusema fundi ni tapeli, lakini mara nyingi siye. Aliona geti halitembei, akabadilisha kitu, geti likatembea. Alichosahau ni kwamba kati ya usiku ule na asubuhi ile umeme ulikuwa umerudi. Kilicholitembeza geti ni chaja, iliyoijaza tena betri ya mota.

Ninazungumzia mota za mageti ya kuteleza zinazotumia umeme wa volti 12 au 24 zenye betri ndani ya kasha, ambazo ndizo zimejaa mitaani Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Zile za volti 230 zisizo na betri nitazigusa kidogo.

Lisukume kwanza

Kabla ya bisibisi, kabla ya kupima volti, zima umeme, achia gia kwa ufunguo, usukume geti kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ila kwanza hakikisha lina vizuizi pande zote mbili. Hilo nitalirudia huko chini, kwa sababu ndilo linaloua.

Ukitaka namba badala ya hisia, chukua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Ifunge kwenye geti, uvute taratibu, usome kilo pale geti linapoanza kusogea. Geti la kilo 300 lenye magurudumu mazima na reli safi huanza kutembea kwa mvuto wa kilo 10 hivi. Likidai 20, kuna tatizo. Likidai 30, mota ndogo za nyumbani zimefika ukingoni mwa uwezo wake, na bodi yoyote utakayofunga itakuwa inasoma hali halisi na kukataa.

Mahali linapokuwa zito panasema mengi. Zito mwendo mzima: beringi za magurudumu zimekwama. Zito sehemu moja tu: reli imepinda au imejaa udongo, au zile rola za juu zinazolishikilia geti lisianguke zimelibana. Weka alama ya chaki hapo. Zito kwenda, jepesi kurudi: reli ina mwinuko. Mwinuko una hesabu rahisi: kila sentimita 1 kwa kila mita 1 ya urefu huongeza asilimia 1 ya uzito wa geti. Kwa geti la kilo 300 kwenye mwinuko wa sentimita 2 kwa mita, ongeza kilo 6 kila linapopanda. Geti linaloondoka lenyewe baada ya kuachiwa gia halipaswi kuachwa bila mtu hata dakika moja.

Magurudumu yana aina mbili za mfereji. Wa V hukaa juu ya chuma cha pembe kilichopinduliwa, na wa U hukaa juu ya nondo laini ya mviringo. Mchomeleaji akikosa aina moja hukufungia nyingine, na geti litatembea, lakini litakuwa linakwangua. Ukiona unga mweusi wa chuma kando ya reli, angalia hilo kwanza.

Kubadilisha si kazi kubwa. Rola za juu zikiwa bado zimelishika geti, inua upande mmoja kwa jeki ya gari, weka gogo chini, toa bolti. Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake. Nenda nayo dukani mkononi, usiende na maelezo. Badilisha magurudumu yote mawili, na yawe na kipenyo kilekile cha zamani. Ukiweka makubwa zaidi, geti litapanda, na meno ya reki (ule mkanda wa meno uliofungwa kwenye geti) yataachana na pinioni (gia ndogo ya mota inayoyasukuma).

Reli yenyewe inataka ufagio tu. Kokoto moja ya ukubwa wa punje ya mahindi inatosha kuisimamisha mota yenye akili, kwa kuwa bodi inauona mzigo ukipanda ghafla na kudhani imemkuta mtu. Mvua ikinyesha, udongo wa barabara isiyo na lami huteremka moja kwa moja hadi kwenye reli. Kama zege ya reli haina njia ya maji kutoka, toboa.

Kadi mbili za benki

Hapa ndipo mota nyingi huharibiwa taratibu bila mtu kujua.

Reki ya meno iliyofungwa kwenye geti haitakiwi kukaa juu ya pinioni. Inatakiwa kuning'inia juu yake, na nafasi kati yao iwe milimita 1 hadi 3 kutegemea mtengenezaji. Uzito wa geti ni mali ya magurudumu. Pinioni kazi yake ni kusukuma kwa ubavu, si kubeba.

Siku ya kwanza fundi anaweka nafasi vizuri. Miaka miwili ikipita, magurudumu yanalika, geti linashuka milimita 2 au 3, na reki inakaa kitako juu ya pinioni. Kuanzia siku hiyo shafti ya mota inabeba sehemu ya geti. Kwanza unasikia kelele ya kukwaruza. Kisha sili (mpira unaozuia mafuta) inachoka na mafuta ya gia yanavuja kwenye zege. Mwisho shafti inapinda au bolti za msingi zinalegea, halafu mtu anasema hizi mota za siku hizi ni za ovyo.

Kupima hakuhitaji chombo cha fundi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Weka mbili pamoja, unapata kama milimita 1.5. Zipenyeze kati ya ncha ya jino la pinioni na shina la meno ya reki. Zikipita bila kulazimishwa, uko salama. Sogeza geti nusu mita, pima tena, endelea hadi mwisho. Sehemu moja tu iliyobana inatosha kuharibu, kwa hiyo kupima mahali pamoja ni kujidanganya. Marekebisho ni kulegeza bolti za reki na kuipandisha, au kuishusha mota kama msingi wake una nati za kusawazishia. Reki iliyochomelewa moja kwa moja kwenye geti bila nafasi ya kurekebisha ni dhambi ya mchomeleaji, na dawa yake ni grenda.

Kuna ujanja mmoja ambao mafundi wazuri wanaujua na wengine hawajawahi kuuona. Reki huuzwa vipande vya mita 1. Kwa zile za moduli 4 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), ambazo ndizo za kawaida, umbali kati ya jino na jino ni milimita 12.57. Unapounganisha vipande viwili, usikadirie kwa jicho. Chukua kipande cha tatu, kigeuze, meno yake yaingie kwenye meno ya vipande vyote viwili pale kwenye kiungo, kibane kwa klampu, ndipo ufunge bolti. Ukikosea milimita 1 tu, geti litaruka kila linapofika hapo, tak, mwaka mzima, mpaka jino la pinioni likatike.

Na tafadhali, reki haipakwi grisi. Grisi hushika mchanga, na mchanga uliochanganyika na grisi unasaga chuma. Brashi kavu inatosha. Nyumba za karibu na bahari, Kigamboni au Nyali, zinunue reki ya nailoni yenye chuma ndani kama geti si zito mno, maana chumvi haina huruma na chuma kilichopakwa zinki nyembamba.

Hesabu ya betri

Mwanzoni sikuamini hesabu hii.

Watu hudhani betri ya geti huisha kwa kufungua na kufunga. Tuhesabu. Chukua mota inayovuta ampea 10 wakati geti linatembea. Kufungua sekunde 15, kufunga sekunde 15, jumla 30. Ampea 10 mara sekunde 30, gawa kwa 3,600, unapata 0.083 Ah (ampea-saa). Betri ya kawaida ya geti ni 7 Ah. Kwenye karatasi inatosha mara themanini na zaidi.

Sasa tazama upande wa pili. Bodi, kipokezi cha rimoti na macho ya usalama (yale yanayoona mtu akikatiza njia ya geti) havilali. Pamoja vikivuta miliampea 80, kwa saa 24 ni 1.92 Ah. Siku moja ya kutofanya chochote inakula sawa na kufungua na kufunga mara 23.

Kwa hiyo geti linaweza kufa bila mtu kuligusa. Betri iliyochoka, ambayo imebaki na theluthi ya uwezo wake, ina kama 2.3 Ah; umeme ukikatika asubuhi, jioni haina nguvu ya kusukuma, ingawa ile taa ndogo bado inawaka. Taa hiyo ndiyo inayowadanganya mafundi: wanaona bodi ina umeme, mota haiendi, wanahitimisha.

Vipimo ni hivi, kwa kila betri moja ya volti 12. Tenganisha betri na chaja, iache saa mbili tatu, pima. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0 na umeme ulikuwepo jana yote, ama betri imekufa ama chaja hailishi. Irudishe, washa umeme, pima tena kwenye vichwa vya betri: chaja nzima huishikilia betri iliyojaa kwenye volti 13.5 hadi 13.8. Ikisoma 12.4 baada ya siku nzima ya umeme, tafuta fyuzi ya chaja au transfoma. Ikizidi 14.5 muda wote, chaja inaipika betri, na betri mpya utakayoweka itavimba vilevile.

Kipimo cha mwisho ndicho chenye maana kuliko vyote. Kata umeme wa nyumba, acha ncha za multimita (kipima umeme) kwenye betri, fungua geti. Tazama namba wakati geti linatembea. Ikibaki juu ya 11.5, sawa. Ikiporomoka chini ya 11, betri hiyo hata kama ilisoma 12.7 ikiwa imepumzika, imeisha. Volti ya betri iliyopumzika ni ahadi tu.

Joto ndilo linaloziua mapema. Kwa betri hizi za asidi zilizofungwa, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka juu ya 25 hukata umri karibu nusu. Betri iliyoandikwa miaka mitano, ikikaa ndani ya kasha jeusi linalopigwa na jua la Dar kuanzia saa nne hadi saa kumi, ukiipata miaka miwili shukuru. Kibanda kidogo cha bati juu ya kasha, chenye nafasi ya hewa kupita, ni cha bei ndogo kuliko betri.

Unaponunua, ipime kwa mkono au mizani. Betri halisi ya volti 12, 7 Ah, ina uzito wa kilo 2 hadi 2.5, kwa sababu ndani ni risasi. Ukipewa ya kilo 1.5 yenye maandishi yaleyale, risasi haipo, na uwezo haupo. Rafu za Kariakoo zina zote mbili, zikiwa zimepangwa bega kwa bega. Mota ya volti 24 ina betri mbili zilizoungwa mfululizo: badilisha zote kwa pamoja, vinginevyo ile ya zamani itaivuta mpya kaburini.

Betri ya gari ndani ya kasha hapana. Mvuke wake wa asidi unakula shaba ya bodi, na chaja ndogo ya mota itahangaika nayo siku nzima bila kuijaza.

Wenye sola watakuwa wameshaona mantiki: kinachopangwa si idadi ya safari za geti, ni ile 1.92 Ah ya kila siku, pamoja na akiba ya siku za mawingu.

Basi bodi hufa lini?

Hufa. Radi, umeme unaorudi kwa kishindo, maji, na wadudu. Sisimizi hupenda joto la transfoma, wanaingia kwa bomba la waya wakiwa na udongo wao, na udongo wenye unyevu unapitisha umeme. Mjusi akilala juu ya relei (swichi ndogo ya bodi), atakutwa amekauka hapohapo. Ziba mdomo wa bomba kwa silikoni au povu baada ya waya kupita. Matundu ya hewa ya kasha usiyazibe, yafunike kwa wavu mwembamba.

Ili kuihukumu bodi kwa haki, fuata mpangilio. Betri imepimwa na ni nzima. Fyuzi zote zimetolewa na kupimwa kwa multimita, si kwa kutazamwa. Ile kubwa ya aina ya gari huweza kuwa na ufa usioonekana. Kisha, gia ikiwa imeachiwa, toa waya mbili za mota kwenye bodi na uziguse kwenye betri kwa sekunde moja. Mota ikizunguka, mota ni nzima. Isipozunguka, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi na ujaribu tena: ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimelika na zinauzwa kwa bei ndogo. Mota ikiwa nzima, rudisha waya, kisha ruka rimoti kabisa: kwenye bodi, pale waya zinapofungwa, unganisha kituo cha kuamrisha na kile cha pamoja kwa kipande cha waya kwa sekunde moja. Geti likienda, ugonjwa uko kwenye rimoti au kipokezi. Lisipoenda, angalia kama kituo cha macho ya usalama kimefunguka. Macho yakiwa na vumbi au waya umekatika, bodi hukataa kufunga, na iko sahihi kabisa kukataa.

Ukishapita yote hayo na bodi bado haitoi volti kwa mota, sasa sema imekufa.

Mota za volti 230 zisizo na betri zina ugonjwa wao mmoja maarufu. Zinanguruma, haziendi, lakini ukizisaidia kwa mkono zinaondoka. Hiyo ni kapasita, kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanzia. Kata umeme, igusishe vituo vyake kupitia rezista au taa ya nyuzi ili imwage chaji, kisha ipime. Ikiwa imepungua zaidi ya asilimia 10 ya mikrofaradi zilizoandikwa, nunua ya namba ileile na volti ileile au zaidi. Na mota hizi zikifanya kazi mfululizo huzima zenyewe kwa joto. Siku ya harusi nyumbani, wacha geti wazi.

Rimoti sitaichelewesha. Badilisha kibetri chake kwanza. Zenye namba inayobadilika zina tabia moja ya kujua: mtoto akiichezea mbali na nyumba, namba za rimoti zinatangulia zile zinazotarajiwa na kipokezi. Kwa KeeLoq, mfumo mmoja wa namba hizo zinazobadilika, ikitangulia zaidi ya hatua 16, bonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu, itajipatanisha. Rimoti ikipotea, futa namba yake kwenye kipokezi siku hiyohiyo. Zile za namba isiyobadilika zinanakiliwa kwa kifaa cha bei ya soda chache, kwa hiyo hesabu kwamba mtaa mzima unaweza kuwa nayo. Umbali wa rimoti ukipungua ghafla baada ya kufunga taa mpya ya LED getini, zima hiyo taa ujaribu tena.

Skrubu ya nguvu

Nimeandika yote haya ili nifike hapa.

Kila bodi ina mahali pa kuweka nguvu: skrubu ndogo ya kuzungusha, au namba kwenye menyu. Geti likiwa zito, likawa linasimama katikati na kurudi nyuma, kuna njia mbili. Moja ni kwenda kwenye magurudumu, kulala chini, kuchafuka. Nyingine ni kuzungusha skrubu robo mzunguko. Robo ile inachukua sekunde tano, mteja anafurahi, fundi analipwa.

Nilikuwa nawatetea mafundi wanaofanya hivyo. Mteja hataki kusikia habari za beringi, anataka geti lifunge. Lakini kila robo inayoongezwa inahama kutoka kwenye geti kwenda kwa mtu atakayekuwa katikati. Bodi haijui tofauti kati ya beringi iliyokwama na mbavu za mtoto. Inajua mzigo tu. Ukiiambia ivumilie beringi, umeiambia ivumilie na mbavu.

Kiwango cha Ulaya cha EN 12453 kinataka ukingo wa geti, unapokaribia kufunga ndani ya nafasi ya milimita 50 hadi 500, usigonge kwa zaidi ya newtoni 400, na hiyo kwa chini ya sekunde moja. Newtoni 400 ni kama uzito wa kilo 40. Mwaka 2010 huko Uingereza watoto wawili waliuawa na mageti ya umeme ndani ya wiki moja, mmoja Manchester na mwingine Bridgend.

Marekani, ambako kitu cha namna hii ni mlango wa gereji unaopanda juu, sheria iliwafikia mapema zaidi: mota zote za gereji za nyumbani zilizotengenezwa kuuzwa huko kuanzia 1 Januari 1993 lazima ziwe na kinga ya ziada, kwa kawaida macho mawili yasiyozidi inchi 6 kutoka sakafuni. Ndugu zetu walioko huko wana kipimo rahisi: laza ubao wa unene wa inchi 1.5 sakafuni chini ya mlango, ufunge. Mlango ukigusa ubao lazima urudi juu. Na kanuni ya kusukuma kwanza ipo vilevile. Tenganisha mota mlango ukiwa chini, uinue kwa mkono hadi nusu, uachie. Mlango mzima hubaki hapo, kwa kuwa springi ndizo zinazobeba uzito. Ukianguka, springi zimechoka, wala mota haina kosa. Springi zile usizilegeze mwenyewe. Zimejikunja kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Kwa geti la kuteleza, simamisha boksi gumu la katoni lililojazwa nguo kwenye njia, lifunge geti. Lazima ligonge kidogo, lisimame, lirudi. Likilibonda boksi, punguza nguvu. Ikiwa ukipunguza geti haliwezi kwenda, basi umeshapata jibu la tatizo lako lote, nalo liko chini kwenye magurudumu.

Macho yaliyofungwa kwa waya

Fungua kasha uangalie vituo vya macho ya usalama. Ukikuta kipande kifupi cha waya kinachounganisha vituo viwili, na hakuna waya unaotoka kwenda kwenye nguzo, geti lako ni kipofu. Macho yaliharibika siku moja, bodi ikakataa kufunga, mtu akaidanganya kwamba njia iko wazi daima.

Wakati mwingine waya huo ni halali: kiwandani au siku ya kufunga, pale ambapo macho hayajawekwa. Ndiyo maana haushtui mtu. Fundi wa pili anaukuta, anadhani wa kwanza alikuwa na sababu. Wa tatu hauoni kabisa.

Na mageti mengi yenye kipande hicho yamewekwa kujifunga yenyewe baada ya sekunde 20 au 30. Hakuna anayebonyeza, hakuna anayetazama. Kama macho hayafanyi kazi, zima kujifunga huko leo, kabla hata ya kununua macho mapya. Macho yenyewe yafungwe sentimita 40 hadi 50 kutoka chini ili yamwone mtoto, na yapanguswe kwa kitambaa laini; utando wa buibui mmoja unatosha kuyachanganya.

Vizuizi

Turudi kule nilikoahidi.

Mota ikiwa imeshikana na geti, yenyewe hujua wapi pa kusimama, kwa sumaku au kwa kuhesabu mizunguko. Ukiiachia gia, ujuzi huo umeondoka. Geti la kilo 300 linalosukumwa na mlinzi mwenye haraka, umeme ukiwa umekatika, mvua inanyesha, litakwenda hadi pale chuma kitakapolizuia. Kama hakuna chuma, litatoka kwenye rola za juu na kumwangukia aliyelisukuma. Hakuna mtu anayedaka geti.

Kizuizi cha mwisho kiwe cha chuma kizito, kimechomelewa kwenye bamba lililozama ndani ya zege, upande wa kufungua na upande wa kufunga, kirefu kuliko gurudumu linavyoweza kupanda. Bolti moja iliyopigwa ukutani si kizuizi. Jiwe si kizuizi. Rola za juu ziwe mbili na zikae juu ya nusu ya kimo cha geti, na kwenye nguzo yao kuwe na pembe ya chuma inayolizuia geti lisinyanyuliwe kutoka kwenye reli. Pembe hiyo inamzuia mwizi pia.

Wanaotakiwa kujua kuachia gia ni wale wanaokuwepo geti linapogoma: mlinzi, dada wa nyumbani, mtoto mkubwa. Waonyeshe mchana, kila mmoja afanye kwa mkono wake: zima umeme, zungusha ufunguo, simama ubavuni mwa geti na si mbele ya ukingo wake, sukuma kwa mwendo wa kutembea. Ufunguo mmoja ukae kwa mlinzi, mwingine kwenye gari.

Na fundi akija kukuongezea nguvu ya mota, mwombe kwanza alisukume hilo geti mbele yako, mpaka mwisho, liguse kizuizi.